Zabibu za Owuor

Nyumba za Reli, Nsambya
Kampala
13 Agosti 2024

Dada yangu Rosalba,

Pokea salamu zangu na za wote waliobaki hapa nyumbani. Hujambo? Goti lako limepoa, au Masista bado wanakusimamisha jikoni tangu misa ya asubuhi mpaka chakula cha jioni? Sisi tunapumua, alhamdulillahi, na mwenye pumzi hana budi kushukuru.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Nikishika simu humu ndani ukuta mzima unasikiliza, na haya ninayokuuliza sitaki yasikiwe. Jirani yetu Zubaida anapanda basi kesho kufuata mchele Kahama. Amesema atampa dereva bahasha, akufikishie Dodoma. Na wewe nirudishie kwa dereva huyohuyo. Tuandikiane kama miaka ile ulipohama na mumeo, Mungu amrehemu, tukawa hatuna simu hata mmoja.

Jambo lenyewe ni zabibu.

Mwaka jana ulipokuja kumzika mama yangu, ulinisimulia kuku wa zabibu mnayempika huko. Toka siku ile nikawa na hamu ya kumpika. Ijumaa iliyopita akapita mchuuzi mmoja Mkenya, jina lake Owuor, yule wa beseni jekundu anayetembeza matunda kutoka Bugolobi mpaka huku kwetu. Tulizoeana kwa utani. Akaniambia, "Mama Akram, leo nimekuletea za Dodoma. Si zile za friji." Kusikia Dodoma nikakuona wewe. Nikamwambia, "Za Dodoma ndiyo zije zimejaa vumbi hivi? Umezigaragaza njiani?" Akacheka. "Hiyo ni nguo yake, mama. Usimvue mtoto wa watu barabarani."

Zilikuwa nyeusi, na juu yake unga mweupe kama majivu yaliyochekechwa. Nikachukua kishada kimoja. Rahmah, binti wa Akram na Zulaika, sasa ana miaka mitatu, alikuwa ananivuta gauni. Akapewa. Hata dakika haikupita, mtoto akashika shingo. Macho yakamtoka, midomo ikageuka rangi, povu likamjaa. Watu wakajaa mlangoni. Ikasemwa ni sumu, ule unga ni dawa ya kuua wadudu. Mtoto alikimbizwa kliniki, nesi akampiga mgongoni, akatapika, akalia. Yuko salama, anacheza hapa miguuni kwangu ninapoandika.

Lakini Owuor walimpiga. Rosalba, wewe na mimi tumekulia nyumba jirani kambi ya polisi Naguru, tumeona watu wakiletwa wametapakaa damu, na bado sikujua kwamba watu ninaowapikia pilau ya maulidi wanaweza kufanya vile. Matofali, mateke, mnyororo wa pikipiki. Alikuwa anajikunja, wanamkunjua. Mmoja alichukua jiwe la mzani wa Owuor mwenyewe, lile la chuma la kilo mbili, akampiga nalo kichwani mara tatu. Nilisikia. Jumapili akafa.

Sasa nakuuliza wewe unayeishi katikati ya mashamba ya zabibu. Ule unga ni sumu? Na mtu anajuaje zabibu nzuri na mbaya? Niambie ukweli, usinihurumie. Kama ni sumu, nitalala. Kama si sumu, basi mtu ameuawa bure mlangoni kwangu.

Ojera mdogo wako sijamwona siku hizi. Nadhani kazi zimemzidi kule karakana.

Ni mimi dada yako,
Husnah

*

Jikoni kwa Masista
Dodoma
19 Agosti 2024

Mpenzi wangu Husnah,

Barua yako nimeipokea kwa dereva, imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kiberiti. Goti langu linaniuma likitaka. Nashukuru kwa kuuliza, hapa hakuna anayeuliza goti la mpishi.

Kwanza nimelia kwa ajili ya Rahmah. Halafu nimelia kwa ajili ya huyo Owuor, ingawa hata simjui. Sasa kaa chini nikujibu.

Ule unga si sumu. Unasikia? Zabibu inatoa unga yenyewe mwilini, kama ngozi yetu inavyotoa mafuta. Unaikinga na jua na maji. Zabibu yenye unga wake ni zabibu ambayo haijashikwashikwa na mikono mingi, imetoka shamba juzi. Zile mlizozoea huko, zinazong'aa, zimekaa friji na kubebwa mpaka nguo imeisha. Huyo mchuuzi alikuambia kweli tupu: ni nguo yake. Sisi hapa hatuzioshi mpaka saa ya kula, tukiziosha mapema zinaoza.

Dawa ipo, wakulima wanapiga, sitakudanganya. Lakini dawa hukaa madoa madoa, kama chokaa iliyoruka, na ina harufu. Unga wa zabibu umeenea sawasawa, ukipitisha kidole unaacha njia nyeusi inayong'aa. Hauna harufu yoyote.

Ukienda kununua, tazama kikonyo kwanza. Kiwe kibichi, kipinde bila kukatika. Tikisa kishada, zikidondoka achana nacho. Inua usitazame juu tu, chini ndiko wanakoficha zilizopasuka. Na ukitaka kuonja, usichume ya juu karibu na kikonyo, hiyo itakudanganya. Onja ya mwisho kabisa, ile ya ncha. Ncha ndiyo inaiva mwisho. Ikiwa hiyo ni tamu, kishada chote ni kitamu.

Kuku mkaange kwa mafuta yake mwenyewe mpaka awe wa kahawia, vitunguu viwili, kitunguu saumu, chumvi, pilipili manga kidogo. Zabibu usizitie mapema. Akikaribia kuiva ndiyo uzimwage nzima, ufunike robo saa. Zitapasuka zenyewe zitoe mchuzi wa uchachu na utamu. Masista wanatia divai. Wewe kamulia ndimu, usije ukasema Rosalba kakuharibia swala.

Lakini Husnah, mtoto wa miaka mitatu hapewi zabibu nzima. Hapa tuna chekechea, na ni sheria ya jikoni kwangu: kila punje inapasuliwa kwa urefu, mara mbili. Nzima inateleza na kuziba koo kama kizibo cha chupa. Mtoto anakuwa vilevile ulivyoandika, macho, midomo, povu. Mimi nadhani Rahmah alikabwa tu. Sista mmoja nesi alitufundisha: mpindue kichwa chini, mpige kwa kiganja katikati ya mabega, kwa nguvu bila huruma, mpaka itoke. Nesi wenu alijua kazi yake, Mungu ambariki.

Hao waliompiga mtu yule, Mungu anawaona. Na zaidi yao, yule aliyepaza sauti ya kwanza kusema sumu. Natumaini Akram alikuwa kazini. Mtoto mwenye moyo laini vile asione mambo hayo. Nikikumbuka ile miezi miwili ulipolazwa baada ya kumzaa, nikawa namnyonyesha yeye ziwa hili na mwanangu Oola ziwa hili, wote wawili wanashindana kulia, nacheka peke yangu.

Sasa na mimi nina shida. Ojera simu yake haipatikani siku kumi. Hajawahi. Nenda karakana umpige kofi kwa niaba yangu, umwambie dada yake ana moyo mmoja tu.

Wako,
Rosalba Amony

*

Nsambya
25 Agosti 2024

Rosalba,

Sijui nikusalimu vipi. Naomba uwe mzima, na uwe umekaa.

Barua yako niliisoma chooni nimekaa juu ya ndoo, kwa sababu ni mahali pekee penye komeo. Nilipofika pale ulipoandika mpindue kichwa chini mpige katikati ya mabega, niliuma kitambaa changu ili nisisikike.

Hapakuwa na nesi. Nilikudanganya. Nitakuambia yote kwa mpangilio, na Mwenyezi Mungu ni shahidi wangu.

Zabibu nilimpa mimi, kwa mkono wangu, nzima. Alipokabwa mimi ndiye nilipiga kelele. Nilisema, "Sumu. Owuor amempa mtoto sumu." Sauti ya kwanza uliyoilaani ilikuwa yangu. Owuor alikuwa ameshafika kwenye bomba la maji. Alisikia jina lake, akatupa beseni, akarudi mbio. Mtu anayekimbia kosa harudi, Rosalba, lakini wakati ule sikufikiri hivyo. Akamnyakua Rahmah mikononi mwangu, akamshika miguu, kichwa chini, akaanza kumpiga mgongoni. Mimi sikujua anafanya nini. Niliona mtu anampiga mjukuu wangu. Nikazidi kupiga kelele.

Akram alikuwa ndiyo kwanza anaegesha boda. Alichokiona ni hicho: mama yake analia sumu, na mwanaume amemning'iniza binti yake anampiga. Kabla hajafika, zabibu ilitoka. Ilidondoka kwenye saruji, nzima, ikaviringika mpaka kwenye kandambili yangu. Mtoto akavuta pumzi, akalia. Owuor alinitazama akatabasamu, Rosalba. Alimgeuza mtoto taratibu, akamweka chini asimame. Akasema, "Imetoka, mama."

Hapo ndipo Akram alipompiga pigo la kwanza.

Mimi nilikuwa nimeshaiona zabibu. Nilikuwa nimeshajua. Mdomo wangu ulikuwa wazi na sikusema kitu. Watu walishaingia, na kila mmoja alitaka pigo lake. Owuor alikuwa anasema, "Muulizeni mama. Muulizeni mama." Mama alikuwa mimi. Niliinama nikaokota zabibu, nikaificha kwenye ncha ya leso yangu. Nilifanya hivyo. Nikaacha wampige.

Jiwe la mzani lilikuwa mkononi mwa Akram.

Sasa Ojera. Aliingia akitokea karakana, akawasukuma watu, akamlalia Owuor kama mtu anavyofunika chakula mvua ikianza. Akasema, "Mnataka kuua, mniue na mimi." Walimpiga mgongo mpaka shati likachanika. Akram aliacha alipomwona ni Ojera. Polisi walipopiga honi kila mtu alitawanyika, na mimi nilimvuta mtoto ndani nikafunga mlango. Waliyemkuta ana damu mwili mzima, amemlalia Owuor, ni mdogo wako. Wakamchukua. Owuor alipokufa wakaandika kesi ya kuua. Yuko rumande tangu siku hiyo.

Nilikwenda kumwona mara moja. Nilipeleka gurusa, ile mikate anayoipenda, na chai kwenye chupa. Mdomo wake ulikuwa umevimba. Nikamuuliza, "Umesema nini?" Akajibu, "Nimesema nilimkuta tayari chini." Nikauliza, "Na Akram?" Akasema, "Mama Akram, yule amenyonya kwa dada yangu. Wewe ndiye utakayesema. Mimi siwezi kumtaja mtoto wa dada." Halafu akala gurusa, akasifu chumvi.

Akram hazungumzi nyumbani. Wiki iliyopita Marjan, muuza mkaa, alisema pale steji ya boda, "Wengine tuliona." Akram alimng'oa meno mawili mbele ya watu. Toka siku hiyo hakuna aliyeona chochote. Hata mimi anavyonitazama siku hizi, natangulia kuinamisha macho. Jiwe niliokota mimi polisi walipoondoka, nimelificha ndani ya debe la unga wa posho, ugali wenu huko. Kila nikikoroga posho nachota kando yake.

Beseni la Owuor pia niliokota, liko chini ya kitanda changu, na vishada vilivyobaki. Jana nilivuta beseni. Nyingi zimeoza, lakini vishada viwili vya katikati vilikuwa vimenyauka tu, na unga wake juu. Nilitawadha, nikaswali rakaa mbili, nikazila pamoja na unga. Sikufuta hata moja. Nilianza na ile ya ncha kama ulivyosema. Nikakaa kwenye mkeka kusubiri. Adhuhuri ilifika, alasiri ikafika. Rahmah alikuja kulala mapajani mwangu. Sikuumwa hata tumbo.

Zilikuwa tamu mno, Rosalba. Hicho ndicho kinachoniua.

Nikimtaja Akram, nimemzika mwanangu kwa mikono yangu. Nikinyamaza, nimemzika mdogo wako. Nimeswali mpaka paji linauma na jibu silipati. Au nalipata, na ninajifanya sijasikia. Wewe ni mama yake wa maziwa. Niambie nifanye nini.

Husnah

*

Dodoma
30 Agosti 2024

Husnah,

Nimesoma barua yako mara moja. Mara ya pili sitaweza.

Wiki tatu mdogo wangu yuko rumande na wewe unaniuliza namna ya kuchagua zabibu. Uliniandikia kazi zimemzidi karakana. Nikakujibu na mapishi. Nikakutania habari ya divai. Nilikuwa nacheka, Husnah.

Jana nilikuwa napasua zabibu za watoto wa chekechea, kisu kikanipita kidoleni mpaka mfupa. Sista akauliza naliaje kwa kidole. Sikuwa nalia kwa kidole.

Unaniuliza ufanye nini, kama mtu asiyejua. Ulimwona Owuor amemweka mtoto chini. Ulikuwa na sauti ya kusema sumu. Ya kusema imetoka ulikosa?

Unasema mimi ni mama wa maziwa, kana kwamba kwa ajili hiyo nitakuambia umfiche. Ni kwa ajili hiyo nakuambia umtoe. Maziwa yangu yako kwenye mkono ule ulioshika jiwe. Sitaki kufa nikijua hivyo na nimenyamaza. Mpeleke. Mwambie Rosalba amesema. Kama atataka kumpiga mtu kwa hilo, nauli ya Dodoma anaijua.

Nenda kituoni ukaseme yote, na lile jiwe ulipeleke. Siji Kampala, kwa sababu nikija sasa nitakufanya kitu ambacho nitakiungama mpaka uzee.

Usiniandikie tena mpaka Ojera atoke.

R. Amony

*

Nsambya
14 Septemba 2024

Dada yangu Rosalba,

Salamu za amani nakuletea, kama utazipokea. Natumaini kidole kimefunga na goti halikusumbui sana.

Mwandiko huu si wangu, na wewe unaujua tangu darasa la kwanza. Mimi nasema, yeye anaandika. Amekaa kwenye kile kigoda kifupi, anakula karanga, na ameniambia nisiseme haraka. Ojera ametoka Jumatano. Ndiyo maana nimekuandikia. Ulisema mpaka atoke.

Mkono wangu wa kulia umefungwa plasta mpaka kiwiko, na mbavu mbili zinanikataza kucheka. Nitakueleza.

Barua yako nilimsomea Akram yote, hata ile ya maziwa. Ilikuwa Jumapili baada ya chai. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza alinipiga kofi moja, nikaangukia jiko. Halafu akakaa chini palepale kwenye saruji akajishika kichwa. Zulaika alimchukua mtoto akatoka naye. Akram akasema, "Mama, mimi niliona mtu anampiga mwanangu." Nikamwambia, "Ndivyo ulivyoona, kwa sababu mimi nilikuonyesha hivyo. Lakini ulipopiga lile jiwe, mara zote tatu mtoto alikuwa amesimama mwenyewe." Akachukua funguo za pikipiki akaondoka.

Jumatatu saa nne asubuhi nilichukua debe la unga, kama lilivyo, nikaenda nalo kituoni kichwani. Nilimkuta Afande Ogwal, yule ambaye baba yake alikaa nyumba ya tatu kutoka kwenu Naguru. Kazeeka, tumbo limemtangulia. Akaniuliza, "Mama, umetuletea posho?" Nikamwambia tumbukiza mkono. Alipotoa jiwe, jeupe lote kwa unga, hakucheka tena.

Nikasema yote. Akaniuliza, "Unajua unachokisema? Huyo ni mtoto wako." Nikasema najua. Akasema, "Rudi nyumbani ukafikiri." Nikamwambia, "Nimefikiri mwezi mzima, na mtoto wa wenzangu analala kwenye saruji. Andika." Akaandika. Nikaweka na ile zabibu niliyoificha kwenye leso. Ilikuwa imekauka, ndogo kama punje ya maharage. Aliifunga kwenye karatasi akasema haitamsaidia mtu. Nikamwambia, "Iandike hivyohivyo."

Walimfuata Akram steji. Nilikwenda nao, sikutaka akamatwe bila mimi. Hakukimbia. Alinyoosha mikono mwenyewe. Lakini Marjan alikuwepo, na pengo lake, akasema kwa sauti, "Kumbe ndiye aliyemuua Owuor." Rosalba, ni watu walewale. Nyuso zilezile za Ijumaa ile. Yule aliyekuwa na mnyororo, mnyororo alikuwa nao bado. Wakaanza kusema muuaji, muuaji, na tofali la kwanza likampata Akram sikioni. Askari walikuwa watatu tu. Akram akaanguka.

Sikufikiri. Nilifanya kama nilivyomwona mdogo wako akifanya. Nilimlalia. Nilisikia mkono wangu ukivunjika, kama kijiti cha kuwashia jiko, na nikasikia Akram chini yangu anasema, "Mama, toka. Mama, utakufa." Nikasema sitoki. Nilikuwa najiambia, hivi ndivyo ilivyokuwa kwake. Hivi ndivyo Owuor alivyoona miguu yetu. Polisi walipiga risasi mbili hewani, wakatunyanyua wote wawili pamoja, kwa sababu sikutaka kumwachia.

Yuko rumande. Kesi itataka mwaka au zaidi. Nimepeleka chakula mara mbili. Mara ya kwanza alikirudisha. Mara ya pili alirudisha bakuli tupu.

Ojera alipotoka nilidhani hatapita mlango wangu. Alikuja na mfuko wake wa nailoni, akasimama nje, akasema, "Mama Akram, kuna gurusa?" Anasema nikuandikie kwamba amekonda lakini meno yote anayo. Anasema pia uache kulia jikoni, unatia chumvi mara mbili.

Juzi alikuja Apio, mke wa Owuor, kutoka Siaya. Afande Ogwal ndiye alimwonyesha nyumba. Ni mwembamba, mrefu, hakukaa nilipompa kiti. Nilimwambia yote, kama nilivyokuambia wewe. Nilimwambia mimi ndiye niliyesema sumu, na mume wake ndiye aliyemfufua mjukuu wangu, na niliona, na nilinyamaza. Sikuomba anisamehe. Nilikosa uso wa kuomba. Rahmah alikuwa nyuma ya mlango. Apio akamwita kwa kidole, akamtazama shingo, akampapasa pale kooni kwa vidole viwili, muda mrefu. Kisha akasema, "Alikuwa na beseni."

Nililitoa chini ya kitanda. Nilikuwa nimeliosha. Akalitia kwapani. Amefika barabarani, akageuka. Akaniuliza, "Zilikuwa tamu?"

Nikamwambia, "Tamu. Mpaka ile ya mwisho kwenye ncha."

Akatikisa kichwa, akaenda.

Sina lingine, Rosalba. Kuku wa zabibu sijampika, na sijui kama nitampika. Ila jana Rahmah aliniletea zabibu mkononi, kapewa na jirani. Nilimwambia Ojera azipasue kwa urefu, mara mbili kila moja, mimi nikishika sahani kwa mkono wa kushoto.

Umenikasirikia, na una haki. Siombi uache. Naomba tu unijibu mapema. Dereva anarudi Alhamisi. Hata mstari mmoja.

Ni mimi,
Husnah
kwa mkono wa mdogo wako, Ojera